Mama aligoma kunywa maji ili mkwe wake asimbebe chooni

Wakuu, nawasalimu. Haya nimeyaona mwenyewe, siongezi chumvi.

Sentensi ya kwanza iliyonyooka ya mama yangu baada ya stroke aliitoa akiwa amekalia kiti cha plastiki tulichokikata tundu katikati, ndoo chini yake:

"Mwambie mumeo asinibebe tena."

Nirudi nyuma.

Kwetu ni Mbwera, delta ya Rufiji. Mama alipopooza upande wa kulia nilimhamishia kwangu. Choo kipo nje, na maji yakijaa njia yote tope. Mimi simmudu, kwa hiyo mume wangu ndiye alikuwa anambeba.

Mwanzoni alitamka neno mojamoja. Baadaye akawa anaweweseka tu. Uji anatema, maji anafumba mdomo.

Kaka yangu akapiga simu kutoka Ikwiriri.

"Dada, hiyo si stroke tena, ni jini. Namleta fundi ampunge."

"Njoo umbebe kwanza, majini baadaye," nikakata simu.

Nikampeleka hospitali: boti hadi Nyamisati, gari hadi Kibiti. Daktari akambonyeza tumbo.

"Amepata choo lini?"

"Siku nyingi."

Akanieleza kuwa tumbo na ubongo vinapelekeana habari muda wote. Tumbo likifunga na maji yakipungua mwilini, ubongo uliojeruhiwa unazidi kuvurugika.

Sawa, lakini kwa nini hanywi?

Nikarudi nyumbani nikamchunguza. Mume wangu akiinama tu kumnyanyua, mama anafumba macho. Watu wa pwani mnaelewa: mkwe ni wa kustahiwa, hata mkeka mmoja hamkai. Leo akubebe chooni?

Mama hakupagawa. Aligoma.

Ndipo tukakata kile kiti, tukakiweka kando ya kitanda, nikawa namsogeza mwenyewe. Akaanza kunywa maji, kula papai na majani ya kunde. Tumbo likafunguka, kuweweseka kukapungua, sentensi ikatoka.

Mume wangu alicheka: "Alhamdulillahi, mgongo wangu umepona kabla ya mkono wake!"

Kaka bado anamtaja fundi wake. Nimemwambia akimleta, nitamkaribisha kwenye kile kiti.

Mkiuguza, ulizeni habari za choo kabla ya kutafuta mchawi. Na muulizeni mgonjwa anamwonea nani haya.

Mkono bado haujafunguka. Na mimi ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Daktari hakuahidi kitu.

Waliowahi kuuguza mzazi hivi: jina lenu lilirudi?