Neno Alilofuta Madamu Apolline

Kati ya darasa langu na la Madamu Apolline kuna ukuta wa mbao. Waliosema kuta zina masikio hawakufika Mabanga, mtaa wetu hapa Goma; wangefika, wangejua kwamba zina mdomo pia. Nikiuliza sita mara nane upande huu, jibu linatoka upande wa pili. Ndiyo maana naweza kusimulia habari zake bila kumuuliza, ingawa yeye angependa aulizwe.

Apolline ni mtu wa Butembo, binti wa mfanyabiashara wa vitenge. Aliolewa akaja Goma, akafiwa na mume mapema, akabaki na watoto wawili na chaki. Sasa ana miaka kumi na tisa ya kufundisha. Ni mfupi wa kimo lakini sauti yake haina kimo, na ubishi wake unachosha. Nimegombana naye kuhusu saa, kuhusu ufagio, kuhusu nani alimaliza chaki nyeupe. Ninampenda sana mwenzangu huyu, ila msimwambie.

Mwaka huu darasa lake la tano lilikuwa na watoto sabini na mmoja. Karibu nusu yao vita viliwatoa milima ya Masisi, na kambi zilipofungwa wakabaki mjini kwa ndugu. Watoto wa mtaa waliwaita "ba deplase", yaani waliohamishwa na vita. Wa mtaa walikaa upande wa dirisha, wale wengine upande wa ukuta wangu, na kila asubuhi palikuwa na ugomvi wa benchi. Siku moja Samy, mtoto wa seremala wa hapa jirani, alimsukuma msichana mmoja wa Masisi aitwaye Charline hadi akapasuka mdomo. Mkuu wa shule, Papa Zihindula, akakata shauri: kuanzia Jumatatu ijayo, deplase watasoma mchana, peke yao.

Wazazi wengi waliona ni sawa. Kwa Charline ilikuwa ni kufukuzwa. Anaishi na shangazi yake, ambaye mchana anauza mboga sokoni, na Charline ndiye anayebaki na mtoto mchanga. Asubuhi tu ndiyo ana nafasi ya kusoma. Apolline alilijua hilo, akaenda ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Papa Zihindula, unipatie wiki moja."

"Utafanya nini na wiki moja?"

"Nitabaandikisha batoto mashairi. Kila mutu ataandika maisha yake, asomee benzake."

Mkuu alicheka, akampa hadi Ijumaa, na mimi, niliyekuwa pale kuomba chaki, nikacheka kuliko yeye. Nilimwambia Apolline kwamba ugomvi wa benchi dawa yake ni benchi. Akanijibu: "Florent, ukishajua mama ya mutu anapikaka nini, inakuwaka vigumu kumusukuma." Nikarudi darasani kwangu bado ninabisha.

Jumatatu aliandika ubaoni: *Mimi natoka...* Akawaambia waendeleze. Nilisubiri kelele za kawaida, hazikuja. Nikachungulia penye ufa. Kalamu zote zilikuwa zimelala juu ya madaftari. Kisha Charline, ambaye tangu aje hakuwahi kuinua mkono, aliuinua.

"Madamu, iyo ni swali ya ku bariyeri."

Darasa lilimwelewa kabla ya mwalimu. Njiani, kwenye kamba zinazofunga barabara, watu wenye bunduki wanakuuliza hivyo hivyo: unatoka wapi? Jibu lako linawaambia kabila lako, na kuna waliojibu wasivuke. Watoto hawa mama zao waliwafundisha kulijibu kwa kifupi, au kujifanya wamelala. Na Apolline alikuwa amelipanga ubaoni kwa mwandiko mzuri. Hata mimi, mwenye kujiona mjanja, sikuwa nimeliona. Niliona aibu kwa niaba ya sote wawili.

Apolline hakutafuta kifutio. Alilifuta kwa kiganja. "Munisamehe batoto," akasema, "nilikosea." Katika miaka yote ya kugombana naye, nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Kesho yake ubaoni palikuwa na neno moja: *Kwetu*. Akasoma kwanza lake mwenyewe:

*Kwetu baridi huamka kabla ya mama.*
*Kwetu maharage yakiungua, baba husema ndivyo anavyoyapenda.*
*Kwetu niliiba sukari, nikamsingizia paka,*
*na paka hatukuwa naye.*

Walicheka hadi wa kwangu wakacheka. Kisha wakainama kuandika. Charline alimwita karibu, na kwa kuwa alikaa penye mbao nilisikia kila neno. "Madamu, kwetu hakuna mutu tena. Nimebakiya mumoja. Niandike kwangu?"

"Hapana, mutoto yangu. Ata mutu mumoja anasemaka kwetu. Kiswahili iko vile."

Samy alisoma Alhamisi, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa:

*Volkano ilipolipuka, kwetu ilikuwa Sake, siku sita,*
*kwa mama ambaye sijui jina lake.*
*Alinipa viazi, akaniita mtoto wetu.*
*Usiku nilikojoa kwenye mkeka wake,*
*asubuhi akauanika bila kusema.*

Hakuna aliyecheka, maana Sake ni mji wa huko huko Masisi. Charline aliuliza tu: "Biazi ya namna gani?" Samy akasema nyekundu. Charline akasema ndiyo, za kwao ni nyekundu.

Ijumaa mkuu wa shule aliingia kwa Apolline na karatasi ya majina ya wa mchana. Mimi nilikuwa nimeacha hesabu zangu nusu ubaoni, niko penye ufa.

"Deplase bote basimame."

Benchi za upande wangu zililia, wakasimama. Charline alikuwa wa mwisho kusimama. Halafu nikasikia sauti ya Samy, na nawaambia hakuwa anafanya ushujaa. Alikuwa anauliza kweli, kwa kuwa hakuwa na hakika.

"Direkteri, na siye ba volkan tusimame?"

Mkuu aliinamia karatasi yake. Samy akaona bora asimame kuliko akosee. Jirani yake akasimama, na wa nyuma yake, maana mwaka ule wa volkano Mabanga yote ilikimbia.

"Na weye, Papa," Apolline akasema kwa upole ambao simjui nao, "ule mwaka ulilala wapi?"

"Minova," mkuu akasema. "Ndani ya kanisa." Nikasikia karatasi ikikunjwa. "Mukae. Bote asubuhi. Lakini mukipigana tena, nitabafukuza na Madamu wenu."

Alipotoka, Apolline alimwita Charline, ambaye bado hakuwa amesoma lake. Nilibandika sikio ukutani bila haya, wanafunzi wangu wakinitazama.

*Kwetu kulikuwa na ng'ombe aliyejua jina lake.*
*Kwetu, mchana, kuna mtoto analia, namshika hadi shangazi arudi.*
*Kwetu, asubuhi, ni hapa.*

Machozi yalinitoka, sifichi. Upande wa pili Apolline akamwambia arudie, kwani wa upande wa dirisha hawakusikia vizuri.