Maneno ya Msalaba wa Mama

Mama alipofariki, wajomba zangu walikubaliana kwamba msalaba wake uandikwe "Mpole na mnyenyekevu." Mimi nilitumwa Tororo kwa fundi wa rangi. Njia nzima kutoka Masinya maneno yale yalinikera, maana yalimfanya mama aonekane mtu wa kukaa pembeni na kuinamisha kichwa.

Mama hakuwa hivyo. Mvua ilipobomoa daraja la miti kijijini kwetu, wanaume walibaki kanisani wakijadili nani aombwe msaada. Mama alisikiliza kidogo, akavua viatu vyake vya Jumapili, akashuka mtoni na gauni lake zuri, akaanza kupanga mawe. Hakumlaumu mtu. Mmoja mmoja walimfuata, na jioni watu wakavuka. Mchungaji alipotaka kumsifu mbele ya wote, mama alikuwa ameshaenda nyumbani kupika.

"Dada, niandike nini?" fundi aliniuliza.

"Andika: Hakuwa na makuu. Alikuwa mtu wa vitendo."

"Lakini mjomba wako amenipigia simu, akasema maneno mengine."

"Mjomba nitaongea naye mwenyewe. Wewe andika."

Nilipofika nyumbani, mjomba mkubwa aliusoma msalaba polepole. "Umebadilisha," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Yale mengine hayakuwa yeye."

Nilikuwa tayari kubishana naye mbele ya ukoo mzima. Alinitazama, kisha akachukua jembe, akatangulia kaburini.

"Basi ushike wima," alisema, "nishindilie udongo."