Maji Kwenye Mfuko wa Moyo

Niliporudi Bura likizo ile, nilimkuta baba amechomwa moto mara nne kifuani, na hakuna hata alama moja iliyokuwa mahali pa maana. Mbili zilikuwa juu ya titi la kushoto, moja karibu na kwapa, ya nne huko chini usawa wa ini. Mdogo wake ndiye aliyepasha kijiti kwenye makaa akamchoma, kwa nia njema, kama wazee wetu wanavyochomwa wakiumwa na kitu kisichojulikana. Nilitamani kumfokea. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili katika chuo cha utabibu mjini Garissa, muhula mzima tumesoma kifua, na nilijiona najua kuliko ukoo mzima.

Baba alikuwa ameketi mkekani, ameegemea magunia. Mama alisema kwa wiki tatu hajaweza kulala chali, kwani akilala anakosa pumzi. Miguu ilikuwa imevimba. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama ingawa ameketi wima, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu damu inayoshuka kutoka kichwani hujaa hapo pale moyo unaposhindwa kuipokea. Nikatoa stethoskopu, nikaiweka kati ya ubavu wa tano na wa sita, mahali ambapo ncha ya moyo hugonga ukuta wa kifua. Kimya. Nikabonyeza zaidi. Kwa mbali sana nikausikia, mwepesi na wa haraka, kama unapigia nyumba ya jirani.

"Aabo, moyo upo?" akaniuliza. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina analoitwa yeye mwenyewe, kwa hiyo mimi namwita Aabo, yaani Baba, na yeye ananiita Aabo, ingawa mimi ni binti yake.

"Upo," nikamjibu. "Ila kuna kitu kimetutenga nao."

Kesho yake asubuhi binamu alitufikisha Garissa kwa gari lake. Katika hospitali tuliyokwenda tulimkuta daktari kijana kutoka bara, mtu wa maneno machache. Alimpaka baba jeli kifuani, akapitisha mashine ya picha, kisha akaniita ukumbini. Mfuko unaouzunguka moyo ulikuwa umejaa maji, akasema, na maji hayo yanaubana moyo usiweze kufunguka. Yanatakiwa yatolewe kwa sindano, tena leo, kabla ya adhuhuri. Yakiachwa, moyo utasimama. Akanipa karatasi ya kukubali matibabu nikamweleze mzee kwa Kisomali, halafu aweke dole gumba.

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Aabo," nikamwambia, "ukipasua kifua cha mbuzi, si unaona moyo umo ndani ya mfuko mwembamba? Na wewe unao huo mfuko. Wako umejaa maji."

Nilifurahia maelezo yangu. Nilidhani mwalimu wangu angenipa alama zote. Lakini mama alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na baba akanitazama kwa muda mrefu, mtulivu kabisa, na utulivu ule haukunipendeza.

Nilikuwa nimesahau ninaongea na nani. Watu hawa wamefuga mbuzi maisha yao yote, na ugonjwa wa maji ya moyo wanaujua kuliko mimi. Kupe huuleta. Mbuzi huzungukazunguka, hutafuna upepo, huanguka akitupa miguu, na ukimpasua unakuta ule mfuko umejaa maji. Kwetu hakuna anayehangaika kumtibu mbuzi wa namna hiyo. Unawahi kisu kabla hajawa mzoga. Kwa hiyo mimi, msomi wa familia, nilikuwa nimemwambia baba yangu kwamba amekwisha.

Akaanza kuusia. Kwa sauti ndogo, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, alimwambia mama ngamia yupi ni wa nani, na nani aoshe maiti. Kisha akasema, "Nirudisheni nyumbani. Sitaki kufa nimetobolewa."

"Aabo, hufi!"

"Wewe mwenyewe umesema."

Daktari akachungulia mlangoni. "Amekubali?"

"Bado."

Akaingia, akamshika mkono kutafuta mapigo, na nikaona vidole vyake vinahama mara mbili kabla ya kuyapata. Midomo ya baba ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Mzee, ni sindano tu," daktari akasema.

Baba akakusanya Kiswahili chake cha sokoni. "Hii sindano nabita wapi?"

"Hapa chini, mwisho wa kidari. Inaelekea bega la kushoto."

"Nafika moyo?"

"Inafika kwenye maji. Moyo wenyewe haiugusi."

"Daktari, mbuzi yangu yote nakufa na hii maji."

Daktari akanigeukia. "Mbuzi gani?"

Nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa hasira ya kumkasirikia mtu mwingine. Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Aabo, nisikilize," nikamwambia kwa Kisomali. "Mimi sijawahi kuuona moyo wa mtu. Nimeuona kitabuni na nimeuona kwa mbuzi, basi. Nilikufananisha na mbuzi kwa sababu sina kingine ninachokijua. Mimi ni mjinga, Aabo. Naogopa."

Akafumba macho. Nilidhani amezimia.

"Na huyu," akasema baadaye, "ameona mioyo ya watu?"

"Ameona mingi."

"Wakapona?"

"Wengine." Sikuweza kumdanganya tena.

Akanyoosha dole gumba.

Daktari akanipa kifaa cha picha nikishikilie kifuani, kwa kuwa mikono haikutosha. Akahisi kwa kidole pale mbavu zinapokutana chini ya kidari, akachoma. Kwenye kioo niliuona moyo wa baba yangu. Ulikuwa mdogo, umenyongeka, unayumba huku na huku katika weusi wa maji. Baba alikuwa akisoma shahada. Bomba la sindano likajaa maji ya manjano yenye damu, likamwagwa, likajaa tena, na tena. Sijui ilikuwa mara ya ngapi nilipoona upande wa kulia, ule uliokuwa umebonyea, unafunguka na kupokea damu. Mapigo yakashuka. Mishipa ya shingo ikalala mbele ya macho yangu.

Baba akavuta pumzi ndefu, akaishusha polepole, kisha akavuta nyingine.

"Daktari," akasema kwa Kiswahili, "hii moyo yangu, huyu msichana ameona fizuri?"

"Ameuona, mzee."

"Basi muonyeshe tena. Asome yote. Mimi nangoja."

Daktari akaelekeza kidole kwenye kioo na kuniuliza, chumba hiki cha moyo kinaitwaje? Nilikijua. Nilivijua vyote vinne. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilio.