Hesabu ya Alfajiri ya Luteni Crowell

Merrill Crowell alipigana vita miaka minne, na kwa maelezo yake mwenyewe kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu. Kabla ya hapo alikuwa karani wa benki mjini Halifax. Jeshi la majini lilimpa mafunzo ya wiki kumi, likamvisha kofia, likamwita luteni, kisha likampakia kwenye manowari ndogo ya kusindikiza misafara ya meli za mizigo kuvuka Atlantiki. Manowari yenyewe ilikuwa fupi na nene, na iliyumba hata ikiwa imefungwa gatini. Merrill alitapika siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akapewa zamu.

Mwaka 1984 alikuwa na miaka sabini na miwili, anaishi kijiji cha Blue Rocks, na makumbusho ya huko yalitaka kumbukumbu zake. Yeye hakutaka. Aliyetaka ni mkewe Verna, aliyepiga taipu miaka thelathini katika ofisi ya kiwanda cha samaki na hajawahi kuona karatasi tupu akaivumilia. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, Merrill anakaa mezani jikoni anasema, Verna anapiga chapa na kumkosoa.

"Leo tuko wapi?" Verna akauliza siku moja.

"Baharini."

"Baharini najua, bwana. Tarehe?"

"Kumi na tatu Juni, arobaini na mbili. Ukungu. Kumi na tano Juni, ukungu umepungua."

Vidole vya Verna vikasimama. "Na kumi na nne?"

"Ukungu."

"We mzee, usinifanye mtoto. Kumi na nne ndiyo siku aliyokufa Carman."

Carman Wentzell alikuwa kaka yake Verna, mpishi msaidizi kwenye meli kuukuu ya makaa ya mawe, katika msafara huohuo aliousindikiza Merrill. Hilo Verna alilijua tangu zamani. Alijua kwamba ndiyo sababu kijana wa Halifax aliyevaa sare alikuja kubisha hodi kwao. Asilolijua ni lile ambalo Merrill alikuwa amelikalia miaka arobaini na miwili. Akilisema, huenda akampoteza mkewe. Asiposema, Verna ataendelea kumtazama hivyohivyo, na vidole vyake juu ya mashine.

Mambo yalikuwa hivi. Kila alfajiri afisa wa zamu huhesabu meli za msafara, kisha idadi inapelekwa kwa mkuu wa wasindikizaji. Meli zilikuwa thelathini na nane. Tarehe kumi na tatu, ndani ya ukungu, Merrill alihesabu thelathini na saba akapiga kelele, na manowari mbili zikageuzwa kwenda kutafuta. Saa moja baadaye meli iliyopotea ikaonekana. Ilikuwa imejificha nyuma ya meli kubwa ya mafuta, haina habari na mtu. Kapteni akamgeukia Merrill mbele ya mabaharia wote.

"Crowell, huko benki walikuwa wanakuachia funguo?"

Watu walicheka mpaka zamu ikaisha. Alfajiri iliyofuata Merrill alihesabu thelathini na saba. Akarudia, thelathini na saba. Akatazama meli ile kubwa ya mafuta, akajiambia hii nayo iko nyuma ya hiyohiyo, akaandika thelathini na nane.

Saa nne asubuhi ukungu ukainuka na kila mtu akaweza kuhesabu. Meli ya makaa ilikuwa imeharibikiwa injini usiku na kuachwa nyuma. Manowari iliyotumwa kuitafuta ilikuta mafuta juu ya maji, na mbao. Watu ishirini na tisa. Labda nyambizi ya adui iliwamaliza kabla ya alfajiri, na labda hata wangefuatwa mapema isingesaidia kitu. Na labda ingesaidia. Merrill, mtu wa hesabu, amelipigia hesabu jambo hilo maisha yake yote na jibu halijawahi kutoka.

Hakuna aliyemshitukia. Akaiona orodha ya waliokufa, akakuta mmoja wao kwao ni Blue Rocks, mwendo wa saa chache tu kutoka Halifax. Agosti akapata likizo akaenda kuungama.

Alibisha mlango wa mbele. Blue Rocks mlango wa mbele ni wa mchungaji na majeneza, kwa hiyo Mama Wentzell alihangaika kuufungua. Ulikuwa umegandishwa na rangi.

"Mama Wentzell, nimekuja kukwambia jambo."

"Kula kwanza, mwanangu."

Akala. Alipomaliza, yule mama alimshika mkono akalia, akamshukuru kwamba afisa mzima ameona vema kuja mwenyewe. Sasa hapo mtu anaanzia wapi? Merrill akarudi Halifax na jambo lake. Desemba akaja tena, mlango uleule, akalishwa tena. Mara ya tatu, mwezi Juni, Mama Wentzell akamwita kutoka dirishani.

"Acha mlango huo, zungukia jikoni!"

Mzaliwa wa pale angejua. Kijana asiye na mke akiambiwa apite jikoni, kwenye nyumba yenye binti, amekwishakubaliwa. Merrill wa Halifax alidhani tatizo ni rangi. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa jikoni, na kabla ya jua kuzama majirani walikuwa wanamuuliza Verna harusi ni lini.

Haya yote ndiyo Merrill aliyomweleza mkewe mchana ule, kwa sauti ya mtu anayekabidhi zamu: saa, idadi, hali ya hewa.

Verna akaitoa mikono juu ya mashine. "Kwa hiyo ulikuja kwetu kuungama."

"Ndiyo."

"Si kuniona mimi."

"Nilikuwa sikujui."

"Na mara ya pili?"

"Kuungama."

"Mama alikutolea soseji za Krismasi!"

"Nilizila."

"Ulikula nne!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Kaa hapa uandike mwenyewe. Kaka yangu mimi simpigi chapa."

Merrill hakuwahi kugusa mashine ile. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na kila alipotulia sauti ya Verna ilitoka chumbani: "Sikusikii!" Saa kumi na moja jioni alikuwa na ukurasa mmoja. Verna akaja, akausoma akiwa amesimama, akachukua penseli akasahihisha mahali pamoja.

"Carman alikuwa na miaka kumi na tisa. Siyo ishirini."

"Sawa."

"Hili sijakusamehe, Merrill. Na sijui kama nitakusamehe."

"Sawa."

"Mama alikufa anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Najua. Ndilo lililoniuma zaidi."

Verna akaikunja ile karatasi, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja. Alipouliza swali lake hakumtazama.

"Kwangu mimi ulikuja lini? Au mpaka leo bado?"

"Tarehe kumi na tisa Juni, arobaini na tatu," Merrill akasema. "Saa nane na dakika ishirini mchana. Nilikuwa nimeingia kwa mlango wa jikoni nimeyashika maneno yangu yote vizuri. Ulikuwa unapara samaki. Ukaniambia nisogee, mimi si dirisha, nakuzibia mwanga. Nikasogea, na sikutaka tena kusema kitu ambacho kingefanya nifukuzwe."

"Una mpaka dakika?"

"Nilitazama saa. Ilikuwa mazoea ya zamu."

Verna akainua kile kiti kilichoanguka. "Toka hapo. Hii naipiga mimi."

"Makumbusho hawakuomba hayo, mama."

"Toka, nimesema."

Merrill akatoka. Verna akaketi, akaweka karatasi mpya, akapiga tarehe: kumi na tisa Juni, arobaini na tatu. Ile saa nane na dakika ishirini ilimchukua muda kuipiga, kwa sababu alikuwa analia na herufi hazionekani.