Injini ya Mama Mkwe

Kati ya watu wote wenye injini, mume wangu Leodgar ikabidi aikute kwa mama yangu mzazi.

Landrova yenyewe ilikuwa ya baba yake, Mzee Gaspar, aliyekuwa dereva kwenye mgodi wa madini ya risasi kule Mpanda. Mgodi ulipofungwa aliondoka nayo ikiwa chakavu, akaja nayo hapa Usevya, na siku moja maji yakaiishia njiani, injini ikapasuka. Ikakaa uani kwetu mpaka kuku wakaifanya kwao. Mzee akapofuka, lakini kila asubuhi alipapasa ukuta mpaka garini, akapanda, akashika usukani. Mwaka ule wa sabini na sita akaanza kukohoa vibaya. "Nataka niisikie inanguruma, basi," akamwambia mwanawe. Tangu hapo Leodgar hakuwa na raha, na mimi nikakosa raha kwa ajili yake.

Alizunguka Mpanda yote. Alifika hadi Kapalamsenga kando ya ziwa, alikosikia kuna injini kwenye mashua, akarudi na samaki tu; injini ilikuwa kubwa mno, isingekubali gia boksi. Ndipo siku moja, akipita mbali na mashine ya kusaga ya mama, akasimama na kutega sikio. Alikuja nyumbani mbio, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Mama Matilda, mashine ya mama yako ni ndugu ya injini ya baba! Mlio ule ule!"

Marehemu baba aliifunga mashine ile kwa injini iliyotoka mgodi huohuo, na kijiji kizima kilisaga pale. Tena kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, wala hasogei alipo. Leodgar akimwona mama kwa mbali anakata njia, hata kama ni kujitosa kwenye mpunga wa watu. Na mama akishaamka habanduki mashineni. Fundi gani anatafuta injini asiyoweza kuisogelea?

"Utaenda wewe," akaniambia.

Akanifundisha kupima kwa ile injini iliyopasuka. Akanipa kamba ya katani: hapa tundu, piga fundo; hapa tundu, piga fundo. Nikaenda roho mkononi. Mama akanitazama nikichuchumaa na kamba yangu.

"Pelagia, unaipimia jeneza?"

Nikamweleza. "Kamwambie mumeo," akasema, "wanawake wa hapa hawarudi kwenye kinu kisa mtu anataka kusikia mlio."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Nikampelekea Leodgar kamba na maneno. Mafundo yalilingana na matundu ya injini ya gari, isipokuwa moja lililopishana kidogo, nami sikujua kosa ni la injini au la mkono wangu. Leodgar akakaa chini, kichwa mikononi.

Mzee ndiye aliyesema, kutoka garini. "Chuma kinachoegemeza mlango wangu mnakijua?"

"Ni gurudumu bovu tu, baba," nikasema.

"Ni puli hiyo. Inafungwa nyuma ya gari hili, unavalisha mkanda. Mgodini ilikuwa inavuta maji. Itashindwa mahindi?"

Nikarudi kwa mama mbio. Injini iingie garini, gari lenyewe lisage. Mama akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Na isipoingia?"

"Itarudi hapa."

"Na ikivunjika mkiitoa?"

Nikapiga magoti. "Ichukueni," akasema. "Ila ikifa, usije tena kuniamkia."

Jumapili mama akawapisha, akaenda misa, na Leodgar na wenzake wakaifungua. Lile tundu kweli lilipishana. Akalichonga kwa tupa siku nzima, huku wanawake wakipita na madebe ya mahindi, salamu zao baridi. Nilimchukia mume wangu siku ile, nikamchukia mama, na hata yule mzee na kikohozi chake.

Siku ya kuwasha walijaa uani. Leodgar akazungusha hendeli, kimya. Akazungusha tena, ikakohoa, ikazima. Nyuma yangu mtu akasema, "Tumekwisha." Nikafumba macho nikiona tu uso wa mama. Mara ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu. Mzee Gaspar alikuwa ameng'ang'ania usukani, machozi yakimtiririka, anatukana kwa furaha.

Hofu haikuisha. Mtu lazima akae garini akikanyaga mafuta muda wote wa kusaga, na dereva alikuwa Leodgar peke yake, na mama kigoda chake kiko palepale. Sote tulilisahau hilo! Lakini puli ilikuwa nyuma. Leodgar akalileta gari kinyumenyume, mimi nikimwelekeza, mpaka mlangoni pa mashine, mgongo kwa mama mkwe. Kioo cha pembeni alikuwa ameking'oa.

Unga ukatoka. Mama akausugua kiganjani. "Pelagia, mwambie dereva ni laini." Nikamwambia, ingawa alishasikia.

Mzee hakumaliza masika. Asubuhi ya mazishi wanawake walikuwa wamepanga madebe, na nikaogopa, maana tangu gari lianze kusaga mama hakukubali mashine isimame tena. Akanituma kwa mume wangu.

"Mwambie leo hatusagi. Aliwashe gari tu, lingurume mpaka tumfikishe makaburini."