Kamera ya Chumba cha Miche

Baba mkwe wangu hukohoa kabla ya kufika. Kwetu Kyela mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Anampisha njia, anajitanda kanga, na akiwa na la kumwambia anapitisha kwa mtu mwingine. Kwa Kinyakyusa tunaita kutila. Siku hizi wengi wameiacha, wanakaa meza moja na wakwe zao wanakula wali, na hakuna aliyedhurika. Mzee wangu hajaiacha. Akija upande wa jikoni anakohoa tukiwa bado hatumwoni, nami nakusanya sufuria zangu na kupotelea nyuma ya nyumba. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sura yake nilikuwa naijua kwa picha ya ukutani tu.

Mimi ni fundi wa sola na kamera, Mbeya mjini. Watu wakisikia kwamba mwanamke anayepanda mapaa kwa suruali ya jinzi, akifika Ipyana kwa wakwe anajificha nyuma ya banda la kuku, wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Waache wacheke. Mimi kile kikohozi nilikipenda. Kilikuwa heshima yake kwangu, kama kanga ilivyokuwa heshima yangu kwake, na sijui ni wakwe wangapi wa mjini wanaopata hata hiyo.

Miguu ilipoanza kumsumbua, shamba la kakao likawa mbali, akahamishia kilimo ndani. Chumba cha kuwekea magunia kikajaa viriba vya miche ya kakao, ndoo za mchicha na nyanya mbili tatu zilizofungwa kwenye nondo za dirisha. Maji alibeba kwa kopo, mkono mmoja ukutani. Mume wangu akaniambia, wewe si ndiye fundi, mtengenezee baba. Tukasubiri mzee aende kumtembelea dada yake kule Busale, nikashuka na begi langu la vifaa.

Niliweka pampu ndogo ndani ya pipa, mipira myembamba ya kudondosha maji kwenye kila kiriba, vihisi vya kupima unyevu wa udongo, taa ya kukuzia miche kwenye kona isiyofika jua, na kamera juu ya mlango. Nilijivuna, nisidanganye. Niko juu ya paa la mtu Mbeya, simu inalia kwamba udongo umekauka, nabonyeza, na kule Ipyana maji yanatiririka.

Vyote hivyo vilitakiwa visomwe na mume wangu. Lakini yeye ni dereva wa lori, anavuka daraja la Songwe kwenda Malawi na huko hapatikani, na simu yake imejaa hadi haipokei hata picha. Basi programu ikakaa kwenye simu yangu peke yake. Mzee aliambiwa kwamba mwanawe ndiye anayeangalia. Hakuna aliyeona haja ya kumweleza zaidi, na mimi niliyejua zaidi ndiye niliyenyamaza kuliko wote.

Asubuhi ya kwanza nilifungua kamera nione kama matone yanashuka sawasawa. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya viriba, kifua wazi, anachambua majani yenye madoa. Nikaifunga simu. Kisha nikaifungua tena, nikajiambia naangalia majani.

Nikawa naangalia majani kila siku. Hivyo ndivyo nilivyomjua. Akifikiri anatafuna ulimi. Mche uliodumaa anaukaripia kama mtoto mtoro, halafu anausogeza kwenye mwanga. Anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya nne, ingawa hakuna anayemwimbia ya kwanza. Nilimpenda mzee yule, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu nilimpenda kwa wizi.

Aliongea pia na kamera, akidhani anaongea na mwanawe. Mwanzoni yalikuwa ya magoti na ya mbolea. Siku moja akasema habari za marehemu mama mkwe wangu, kwamba kwenye mazishi yake yeye hakulia kwa kuwa macho ya watu yalikuwa mengi, na sasa amepata pa kulilia, humu ndani kwenye miche. Akafuta uso kwa kiganja na kuendelea kupalilia. Mume wangu aliporudi nikamwambia baba anasema mchicha umestawi. Basi. Ningemwambia yote ningelazimika kusema nimeyasikiaje.

Niliona pia kwamba kandambili zake zimeshonwa kwa waya. Nikamtumia mpya, za saizi yake kabisa, kwa jina la mume wangu. Mzee alizivaa, akaziangalia sana, akaiangalia na kamera. Akasema ndaga, asante ya kwetu. Nami juu ya paa la mtu nikaitikia kimoyomoyo kama mjinga.

Kisha mpira mmoja ulichomoka kwenye pipa. Kihisi kilinipigia kelele kwamba udongo ni mkavu huku pampu inafanya kazi, nikafungua kamera na kuona sakafu yote maji. Kabla sijazima pampu, mzee aliingia, akateleza, akaangukia kiuno. Mume wangu alikuwa ng'ambo, hapatikani. Dada wa mume wangu, anayeishi uwanja uleule na mzee, alikuwa kwenye shamba la mpunga, simu inaita tu. Mzee alianza kujivuta kuinuka akishika ndoo, na ile ndoo ilikuwa inampindukia. Kamera zangu zina kipaza sauti. Nikabonyeza.

"Baba, msiinuke kwanza. Kaeni hapohapo, namtafuta dada."

Hakushika kiuno. Alichofanya kwanza ni kuvuta gunia tupu lililokuwa karibu, akajifunika kifua, akageuza uso ukutani. Amelala kwenye maji, ameumia, na anatafuta namna ya kunipisha.

"Ni nani?"

"Ni mimi, baba. Mkamwana wenu."

Maji bado yalikuwa yanasogea kuelekea mlangoni.

"Umo humu tangu lini?"

Ningeweza kusema kweli. Niliijua kweli, nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Leo tu, baba."

Kandambili moja ilikuwa imemvuka mguuni, imesimama kwenye maji mbele yake. Aliitazama kandambili ile kwa muda mrefu. Akasema taratibu, "Ndaga." Jirani niliyempigia akafika na kumwinua.

Hakuvunjika, namshukuru Mungu, aliteguka tu. Mume wangu aliporudi nilimweleza kwamba nimeongea na baba, na yeye akasema ni mambo ya zamani hayo, baba atasahau. Hata hivyo alikwenda kuing'oa kamera, akamwonyesha baba yake ukuta ulivyobaki na matundu mawili ya skurubu. Kamera iko kwenye droo yangu Mbeya. Siku hizi simu inanipa unyevu wa udongo na kiasi cha maji kwenye pipa, namba tupu, na miche inaendelea vizuri kuliko zamani.

Pasaka tulishuka. Nilikuwa jikoni nachambua mchele niliposikia kikohozi, nikainuka na sufuria zangu kama kawaida. Lakini hakuja. Nikachungulia kwenye pengo la mabanzi ya ukuta. Mzee alikuwa amesimama mbele ya chumba cha miche, mlango wazi, mkono ukutani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa amekikoholea chumba kitupu. Akasubiri. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka na bado alisubiri, akimpa mtu aliyemo nafasi ya kuondoka, ndipo akaingia. Humo ndani sikusikia wimbo.

Nilimuuliza dada wa mume wangu. Akasema hufanya hivyo kila siku tangu alipoanguka, na wamemweleza hadi wamechoka kwamba hakuna kitu mle ndani, kimeondolewa. Anawajibu kwamba hata ile mara ya kwanza aliambiwa hakuna mtu ila mwanawe.

Kumwambia mwenyewe kwamba simo siwezi, mkamwana haongei na baba mkwe. Niliongea naye mara moja tu maishani, na nilichomwambia kilikuwa uongo.