Jogoo Aliyebaki Madhabahuni

Harufu ya iliki na tui la nazi kwenye mafuta ya moto hunikamata popote ilipo. Juzi ilinikamata kwenye ngazi za jengo letu hapa Mchafukoge, mikono yote miwili imejaa mifuko ya sokoni. Jirani wa chini alikuwa anapika vitumbua, mlango wake wazi, na mimi nikasimama palepale kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mwanangu akaniuliza, "Mama, umechoka?" Wala sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi Kariakoo ya utoto wangu, uani kwetu, na mbele yangu kulikuwa na jogoo amezama kwenye beseni.

Ngoja nianze vizuri, maana habari ya jogoo ukiianzia katikati watu wanakuona mwongo.

Tulikuwa tumepanga kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi mrefu katikati, na nyuma ua ambao wapangaji wote tuliutumia kupika, kufua, kugombana na kupatana. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha mwisho anamwombea afya. Sisi tulitoka Kilimanjaro. Chumba kilichopakana na chetu alikaa Bi Somoe, mjane wa Kilwa, Mwislamu asiyekosa swala, aliyeuza vitumbua barazani kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kwa sababu Jumapili maduka mengi yalifungwa na wateja wake hawakuja mjini.

Wazazi wangu walishinda dukani, wakiuza ndoo na mabeseni ya plastiki kwa jumla na rejareja. Mimi, Manka, nilishinda kwenye mkeka wa Bi Somoe. Alinisuka nywele, alinifundisha kuloweka mchele wa vitumbua tangu jioni na kukuna nazi bila kukuna vidole, na kitumbua cha kwanza kuiva kilikuwa changu hata kama mteja amesimama anaangalia saa. Nilimpenda kuliko bibi zangu wa Moshi, ambao niliwaona Krismasi tu, na naomba huko waliko wanisamehe.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ambayo hata akinong'ona ilifika mtaa wa pili. Kila jioni baada ya chakula alifungua Biblia, akasoma, akavua miwani, akauliza swali lake lilelile: "Haya. Hili tunalitumia wapi kesho?" Ilikuwa lazima mtu ajibu. Tukisoma habari za kuuzuia ulimi, mama alisema atalitumia kwa yule mteja anayegonga kila ndoo kama daktari kisha anaondoka mikono mitupu. Tukisoma habari za kukaribisha wageni, nilijua binamu zangu wako njiani na kitanda changu kimeshakwenda. Baba hakupenda Neno libaki mezani. Kwa hiyo nilikua nikiamini Biblia iliandikwa na mtu anayeijua Kariakoo vizuri kabisa, pamoja na uchochoro wetu.

Mwaka wa habari hii, miezi kadhaa kabla ya Sikukuu ya Mavuno, baba alinunua kijogoo. Siku ya Mavuno watu kanisani kwetu hupeleka sadaka ya vitu vyenyewe: mikungu ya ndizi, mayai, mchele, kuku. Ibada ikiisha, vitu vile hunadiwa uwanjani kwa kelele na vicheko. Watu wa mjini wengi walinunua mkungu sokoni Jumamosi wakaubeba kanisani Jumapili, jambo ambalo baba hakuliona sawa. Alisema yeye atatoa kitu alichokilea. Akamlea jogoo yule kwa pumba na makombo, mpaka akawa na kifua cheupe na mkia unaong'aa, akitembea uani kama mtu aliyealikwa. Sisi watoto tukamwita Bwana Harusi.

Sasa siku moja, Mavuno yakikaribia, Bi Somoe alikuwa ameumua unga mwingi wa vitumbua, si wa kuuza, ni wa hitima ya marehemu mumewe. Kamba ya jogoo ilifunguka, au labda haikufungwa, hilo halijajulikana mpaka leo. Bwana Harusi akaruka kutoka kwenye ukuta wa choo, akakusudia kutua ukingoni mwa beseni, akatua ndani. Alipotoka alikuwa mweupe wote, akakimbia ua mzima akijikung'uta, na kila nguo iliyoanikwa ikapata mgao wake. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini. Bi Somoe hakucheka. Alikaa kwenye kibao akauangalia ule unga.

Baba aliporudi kutoka dukani, amechoka, Bi Somoe alimwambia kwa upole tu, "Baba Manka, hebu tazama kuku wako alichonifanyia."

Ilitosha atamke neno moja, "pole," mambo yaishe. Badala yake, mbele ya wapangaji wote, baba akasema kwa ile sauti yake, "Kuku hana akili, Bi Somoe. Mwenye akili anafunika beseni lake."

Bi Somoe akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Sawa, baba." Akaumwaga unga, akaosha beseni, akaingia ndani.

Hakugombana na mtu. Salamu alijibu zote. Lakini sahani yake ya vitumbua, iliyokuwa ikipita kila mlango asubuhi, sasa iliruka wa kwetu. Baba naye akaniambia nisiende tena kumsumbua, nishinde dukani. Nikashinda dukani, nimekaa ndani ya beseni kubwa la kufulia kama bidhaa, nikilia pale wateja wasiponiangalia. Nywele alinisuka mama mwenyewe. Mama alikuwa na vipaji vingi, kusuka hakukuwamo. Kisha nikasikia uani kwamba Bi Somoe atahama mwisho wa mwezi, anakwenda kukaa kwa binti yake Ilala. Leo Ilala naiona hapo, unatembea tu. Wakati ule ilikuwa kama wameniambia anahamia Ulaya.

Jumamosi, mkesha wa Mavuno, mama alimwogesha Bwana Harusi kwa sabuni, tukamfunga mguuni mwa meza. Baba alikuwa amepangiwa kusoma somo kanisani, kwa hiyo jioni ile alilisoma kwa sauti ili kujizoeza. Lilikuwa lile la mtu aliyepeleka sadaka yake madhabahuni, na akiwa palepale akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache sadaka, aende kwanza wakapatane, ndipo arudi aitoe. Baba akasoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuuliza kitu.

Mimi nikadhani amesahau. Nilikuwa mtoto mwenye kusaidia. Nikasema, "Baba, hili tunalitumia wapi kesho?"

Mama akainamia kucha zake. Upande wa pili wa ukuta, alikokuwa Bi Somoe akiosha vyombo, hata kijiko hakikulia tena. Baba akanitazama, akamtazama jogoo, akafunga kitabu. "Tuombe," akasema, na aliomba kwa kifupi kuliko siku zote nilizowahi kumsikia.

Asubuhi kanisa lilijaa hadi nje. Baba, ndani ya suti yake ya kahawia, alisoma somo vizuri, ingawa mahali fulani alikohoa sana. Wakati wa sadaka ukafika. Kwaya ikaimba, watu wakapanga mstari na ndizi zao, mayai, katoni za sabuni kutoka madukani, na mama akanituma nimshikie baba kamba ya jogoo. Tukafika mbele. Baba akamweka Bwana Harusi chini kati ya mikungu. Watu wakaweka vyao na kuondoka. Baba hakuondoka. Alisimama pale anamwangalia jogoo, na jogoo anamwangalia yeye, mpaka aliyekuwa nyuma yetu akaanza kujikohoza.

Ghafla akanishika mkono. Akamsogelea mchungaji, akamnong'oneza, yaani kanisa lote likasikia: "Nakuja. Kuna mtu sijaongea naye." Kisha tukageuka, tukapita katikati ya kanisa, viatu vyake vikilia kila hatua, moja kwa moja mpaka mlangoni. Mama alituambia baadaye kwamba Bwana Harusi aliwika wakati wote wa mahubiri, na kila akiwika watu wote walimgeukia mama.

Nje, baba hakuelekea nyumbani. Alipitia dukani, akafungua mlango. Hapo nilishtuka kweli, maana baba kufungua duka Jumapili ilikuwa sawa na bahari kukauka. Jirani yake wa dukani, aliyekuwa akifagia kibarazani, akasema, "Mzee! Leo umefungua?"

"Sijafungua. Natoa," baba akajibu, akachukua beseni kubwa jekundu lenye mfuniko wake, la aina iliyokuwa ikigombaniwa, akalibeba kichwani kama mchukuzi, na suti yake.

Tukafika uani. Bi Somoe alikuwa kwenye jiko lake, mkeka umetandikwa. Baba akatua beseni.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, baba. Kanisa limekwisha?"

"Bado. Nimemwacha jogoo. Nimekuja kukuomba radhi. Kuku ni wangu na lile neno ni langu. Unga wa hitima uliharibika, mimi nikakudharau mbele za watu. Nisamehe. Na hili beseni ni lako."

Bi Somoe akalitazama beseni. Akashika mfuniko, akalifunika, akalifunua. "Lina mfuniko," akasema.

"Ndiyo, linafunga vizuri sana," baba akasema, muuzaji ndani yake akiwa hawezi kujizuia.

"Yaani, Baba Manka, umetoka kanisani, umevaa suti, kuja kuniambia tena nifunike beseni langu?"

Sijapata kumwona baba yangu vile. Akatazama mfuniko kama ndiyo kwanza anauona. "Hapana, Bi Somoe, si hivyo, mimi, naweza kuurudisha mfuniko..." Mimi nilishika suruali yake kwa mikono miwili. Niliona sasa hata Ilala ni karibu, atahamia Kilwa kabisa.

Mabega ya Bi Somoe yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko, kikatoka taratibu, kikakua, mpaka akashika ukuta, na wapangaji wakachungulia milangoni, wakacheka na wao bila kujua ni kwa sababu gani. Mwisho baba akacheka pia.

"Unga niliusahau siku ileile, baba," akasema akifuta macho kwa upindo wa khanga. "Unga tunasaga mwingine. Lile neno ndilo lilinikaa. Haya, limeshatoka. Kaeni mle."

"Jogoo wangu yuko madhabahuni, Bi Somoe."

"Atakungoja. Hajui saa huyo." Akaninyooshea mkono. "Manka, njoo. Nani amekufanya hivi kichwani?"

Kitumbua cha kwanza kilikuwa changu. Kiliniunguza ulimi na nikala hivyohivyo, nikiwa nimebanwa ubavuni kwake, na nawaambieni sijala kitu kitamu kama kile tangu hapo. Baba alikula akapiga kelele ya kuungua, akanywa chai, akala tena. Kisha Bi Somoe akavaa baibui yake. Alisema anataka kumwona mwizi wake akipigwa mnada.

Tulikuta ibada inakwisha. Baba akaenda mbele, akamwinua Bwana Harusi kwa mikono miwili, na kanisa likapiga makofi na vigelegele. Uwanjani, mnadishaji alipomshika jogoo, mikono mingi ilinyooka. Ndipo sauti ikatoka nyuma, "Huyo ni wangu, tunajuana!" Watu wakageuka, wakamwona mama wa baibui, na habari ya baba ilikuwa imeshazunguka uwanja mzima. Mkono mmoja ukashuka, mwingine ukashuka, mpaka ukabaki wake peke yake.

Njiani kurudi, baba alimbebea jogoo akauliza atampika lini. "Nani ampike?" Bi Somoe akasema. "Huyu amenipatia beseni." Bwana Harusi aliishi uani kwetu mpaka akazeeka, akiwika saa zisizo zake, na hakuna mpangaji aliyethubutu kumsema. Ilala Bi Somoe hakwenda, si mwaka ule.

Alikwenda miaka mingi baadaye, nyumba yetu ilipouzwa na kuvunjwa ili lijengwe ghorofa. Nilimtembelea huko kwa binti yake, mimi nimeshaolewa, baba ameshatangulia mbele ya haki. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisimulia habari hii kama habari ya baba: mtu aliyelichukua Neno akalitembeza barabarani na suti yake. Siku hiyo niliisimulia tena, tukacheka, na katikati ya kicheko kitu kikanijia. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Chai ilikuwa tayari. Vikombe vilikuwa vimepangwa, na kimoja ni kile changu kidogo chenye maua. Na ilikuwa Jumapili, siku ambayo Bi Somoe hapiki vitumbua.

"Bibi," nikamwuliza, "ulijuaje kwamba atakuja?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba jibu nilikuwa nalo miaka yote. "Si ulimwuliza mwenyewe jioni ile? Na baba yako nilikuwa namjua, akishasoma kitu hakimpi usingizi. Nilipokusikia ukiuliza, mjukuu wangu, nikainuka nikaloweka mchele."